Maji ya shimo la jirani

Mvua ya kwanza ikirudi mu mwezi wa tisa, ku Wamaza na mu mashantie yote ya kuelekea Kabambare, mazungumzo ya mdomo wa shimo yanabadilika. Wakati wa kiangazi watu wanaongea filoni: imepotea, imerudi, imekuwa nyembamba kama kidole. Sasa wanaongea maji. Motopompi ya nani inafanya kazi? Esansi imefika bei gani? Nani alishuka jana, na maji yalimfika wapi, ku goti ao ku kiuno?

Maswali hayo ni ya haki. Lakini kuna moja ambalo halisikiki sana, na ndilo linaloacha wajane: nyuma ya ukuta huu ninaochonga, kuko nini?

Juu maji unayoyaona unaweza kuyapompa, ao unapanda unarudi nyumbani, unaongopa PDG siku mbili tatu, yanaisha. Maji mabaya kabisa ni yale yaliyolala kimya mu shimo la zamani, mita moja ao mbili pembeni yako, ukuta tu ndio unawatenganisha. Shimo la mwaka jana ambalo mwenyewe aliliacha kwa deni. Galeri ya wakati wa Wabelgiji ambayo hakuna kijana anayejua ilipita wapi. Siku ukuta huo unatoboka, motopompi haina kazi tena.

Ili tuelewe namna gani maji yanafika pale, tuanze na jiwe lenyewe.

Zahabu na maji, njia moja

Mawe yanayobeba zahabu ya Namoya, kule Salamabila, ni ya zamani sana. Wanajeolojia wanayahesabu mu familia ya Kibara, jina walilolitoa ku milima ya Katanga, na umri wake unapita miaka bilioni 1. Mu muda huo yaliminywa, yakakunjwa, yakapikwa na joto la chini. Jiwe la namna hiyo likiwa zima halinywi maji. Ulimwagie bidoni nzima, maji yatatiririka juu yake kama juu ya sahani.

Lakini jiwe zima ni la chini. Kule juu, mvua na jua vimelila jiwe kwa miaka isiyohesabika, likawa ule udongo mwekundu na wa njano munaoujua, ambao unaweza kushuka mita nyingi kabla ya kugonga jiwe gumu. Udongo huo ni sponji. Unakunywa mvua, unaishika, unaiachia polepole. Ndiyo maana kuna mashimo ambayo hayapati maji siku ya mvua yenyewe, yanapata wiki mbili nyuma, wakati mbingu iko safi na watu wamekwisha kutulia.

Chini ya sponji, maji yana njia moja tu: nyufa. Na hapa ndipo mchimbaji anapaswa kufungua masikio. Filoni ni nini? Ni ufa wa zamani. Hapo kale maji ya moto yalipita mu ufa ule, yakiacha kwatsi, lile jiwe jeupe, na ndani ya kwatsi yakaacha zahabu. Kwatsi ni ngumu lakini inavunjika kama glasi; ardhi ikisogea kidogo, inapasuka tena palepale. Kwa hiyo njia iliyoleta zahabu inabaki njia ya maji mpaka leo. Anayefuata filoni anafuata mferejí wa chini ya ardhi, hata kama leo ni mkavu.

Tuongeze neno moja. Kama filoni ni moja, na mashimo 20 yanaifuata, basi mashimo hayo yote ni shanga mu uzi mmoja. Wewe unaona mdomo wa shimo lako hapa na wa jirani kule, katikati kuko kibanda cha mama wa bugali na miti miwili. Chini haiko vile. Chini yeye anachimba kuja kwako, wewe unachimba kwenda kwake, juu wote munapenda kitu kimoja. Mukikutana mukiwa wazima, inakuwa palabre ya mpaka, wazee wanakaa, faini inalipwa. Mukikutana na shimo lake wakati limejaa maji, hakuna palabre.

Makala ya Lukuga

Watu waliopigana na maji ya chini kwa muda mrefu kuliko sisi ni wachimbaji wa makala ya mawe. Na hawako Ulaya tu. Kusini yetu, upande wa Kalemie, kuna mahali panaitwa Makala, ambapo Wabelgiji walipaita Greinerville. Walichimba pale makala ya kulisha injini za moshi, wakati reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imefika ku ziwa tangu mwaka 1915. Hata tabaka zile za mawe wanajeolojia walizipa jina la mto wa pale, Lukuga.

Makala hailali kama filoni. Filoni inasimama ao inainama kama mlango ulioachwa wazi. Makala inalala kama mkeka. Ni miti na majani ya mabwawa ya zamani, inakaribia miaka milioni 300, yaliyofunikwa na mchanga na matope, na mizigo hiyo ikayaminya. Kwa hiyo mkeka wa makala uko katikati ya mikeka mingine: jiwe la mchanga, ambalo linapitisha maji, na jiwe la udongo mgumu, ambalo linayazuia. Mchimbaji wa makala anatembea chini ya dari. Kama dari ni jiwe la udongo zima, anafanya kazi mu kavu hata kama mto unapita juu ya kichwa chake. Akitoa makala mingi sana bila kuacha nguzo, dari inashuka, inapasuka, na uso wa ardhi kule juu unashuka pia. Kijito kilichokuwa kinakwenda zake kinakuta ufa, kinaingia. Ku nchi nyingi za makala, watu wa juu waliamka asubuhi wakakuta chemchemi imekauka, kumbe maji yamekwenda kuwatembelea wachimbaji.

Mto Lukuga wenyewe una habari yake, na inafaa hapa. Ni mlango mmoja tu ambao maji ya ziwa Tanganyika yanatokea, yakielekea Lualaba yetu. Cameron alifika pale mwaka 1874, akasema ndiyo njia ya maji. Stanley alikuja mwaka 1876, kabla ya kupita Kabambare na Kasongo, akakuta mlango umezibwa na matope na matete, maji karibu hayaendi, na ziwa linapanda. Kizibo kile kilionekana kama nchi kavu. Miaka michache nyuma kikapasuka, na kufikia mwaka 1879 maji yalikuwa yakipita kwa nguvu. Ziwa likashuka karibu mita 10 mu muda usiofika miaka 20. Kizibo cha matope kilishika ziwa zima, mpaka siku haikushika tena.

Uzito wa maji yaliyosimama

Sasa turudi ku ukuta wetu, tuuweke mu hesabu. Hesabu hii haiombi shule kubwa.

Metre moja ya kube ya maji ina uzito wa tani 1. Galeri ya zamani yenye urefu wa mita 20, kimo cha mita 1 na nusu, upana wa mita 1, ikijaa inashika kube 30: tani 30, ao bidoni 1.500 za litre 20. Hiyo ni galeri moja ndogo, bila shimo lililo juu yake.

Na shimo lile la juu ndilo baya zaidi, juu maji yanasukuma kadiri ya kimo chake, si kadiri ya wingi wake. Kila mita 10 za maji yaliyosimama zinasukuma chini na pembeni kwa nguvu ya tani 10 juu ya kila metre karee. Tuseme shimo la jirani limejaa mita 15 za maji, na wewe kule chini umechonga mpaka ukuta uliobaki mwembamba ni nusu mita kwa nusu mita. Ku kipande hicho kidogo, kama meza ya shule, kunasukuma karibu tani 4. Ni kama pikipiki 30 zimekiegemea. Na wewe unakipiga nyundo.

Kule Chasnala, nchini India, tarehe 27 desemba 1975, wachimbaji wa makala walikuwa chini wakati ukuta uliotenga galeri zao na galeri za zamani zilizojaa maji ulivunjika. Waliokufa wanapita 370. Ile haikuwa kazi ya mikono na nyundo kama ya kwetu: ilikuwa kompani, na mainjinia, na mapompi makubwa.

Miaka 27 nyuma yake, tarehe 24 julai 2002, ku Quecreek, jimbo la Pennsylvania, Marekani, watu 18 walikuwa chini. Karte yao ilionyesha kwamba mgodi wa zamani ulio pembeni uko mbali, karibu mita 90. Karte ilikuwa ya zamani; kisha kuchorwa, watu wa mgodi ule walikuwa wameendelea kuchimba, wakafunga, na karte ya mwisho haikufika mu mikono ya waliokuja. Mashine ikatoboa ukuta, maji yakamwagika. Wale wa mbele wakapiga telefone ya ndani kuwaonya wenzao, na watu 9 wakakimbia wakatoka. Wale 9 waliopiga telefone wakafungiwa. Waokoaji wakatoboa tundu jembamba kutoka juu, wakasukuma hewa ya nguvu ndani ili maji yasipande pale walipokimbilia, kisha tundu kubwa, na tarehe 28 wakawatoa mmoja mmoja mu kikapu cha chuma, wazima wote.

Ninaziweka habari hizi mbili pamoja kwa sababu moja. Mu zote mbili maji hayakutoka ku mto wala ku mvua ya siku ile. Yalitoka mu shimo ambalo watu wengine waliacha.

Na sisi tuna mashimo ya namna hiyo mengi kuliko wao. Ku Namoya, kompani ilichimba wakati wa ukoloni, ku vilima kama Mwendamboko na Kakula, kisha wakaja wachimbaji wa mikono, kisha kompani ya Banro ikafungua machimbo makubwa kazi ikasimama mwaka 2019, na wachimbaji wa mikono hawakuacha kamwe. Kila kizazi kiliacha matundu yake juu ya ya wengine. Ku Wamaza hatuna kompani, lakini tuna kitu kilekile kwa ukubwa mdogo: mashimo ya mwaka huu pembeni ya mashimo ya mwaka 2015, ambayo midomo yake imefunikwa na majani na watoto wanapita juu yake bila kujua.

Ukuta unaongea

Wachimbaji wa zamani wanajua kwamba ukuta hautoboki bila kusema kitu. Ukuta uliokuwa mkavu unaanza kutoa jasho. Matone yaliyokuwa ya hapa na pale yanakuwa mstari. Maji yanayotoka yana rangi ya kutu, ao yanaacha utelezi wa machungwa juu ya jiwe. Hewa inanuka kama yai lililooza. Jiwe unalolipiga, badala ya kulia kavu, linalia kama ngoma.

Ile rangi ya kutu tuielewe vizuri. Mu makala, na mu filoni nyingi za zahabu, kuna piriti, lile jiwe la njano linalong'aa ambalo limewadanganya vijana wengi siku ya kwanza. Piriti ikikutana na hewa na maji, inazaa asidi na kutu. Maji mapya ya mvua hayana rangi hiyo. Kwa hiyo ukiona maji ya machungwa yanapenya ku ukuta wako, ujue yamekaa muda mrefu mahali penye hewa na jiwe lililovunjwa. Na mahali penye hewa na jiwe lililovunjwa, chini ya ardhi, ni shimo la mtu.

Ku migodi ya makala wana desturi ya kutoboa mbele: kabla ya kusogeza kazi upande wenye mashaka, wanapeleka kwanza tundu jembamba na refu, waone kitakachotoka. Sisi hatuna mashine, tuna barmini. Tundu la mita 2 la barmini linachukua saa, linakera, PDG atasema munapoteza siku. Lakini tundu jembamba likikuta maji linatoa mkojo tu. Munalipiga kigingi cha mti kilichozungushiwa kitambaa, munapanda wote, munaanza kuuliza wazee shimo lile lilikuwa la nani. Ukuta mzima ukikuta maji hakuna wa kuuliza kitu.

Mvua inapoingia kwa mlango

Kuna maji mengine, na hayo yanapita juu. Tarehe 11 septemba 2020, ku Kamituga, Sud-Kivu, mvua kubwa ilianguka na mashimo ya zahabu yakaporomoka. Watu karibu 50 walipotea. Ku Mererani, Tanzania, mwezi wa tatu 2008, mvua iliingia mu mashimo ya tanzanite, wakafa watu zaidi ya 60. Pale Mererani galeri za mashimo mbalimbali zinakutana chini, kama za kwetu, kwa hiyo maji hayahitaji kuingia ku mdomo wako ili yakufikie.

Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu si ya kushangaza, ikianguka juu ya uwanja wa mita 100 kwa 100, ni litre 500.000. Kama uwanja huo unainama kuelekea mdomo wa shimo, na miti imekatwa yote ili kupata mbao za boiseur, hakuna cha kuyazuia. Mfereji wa juu ya kilima, wenye kimo cha goti, unaozunguka shimo na kupeleka maji pembeni, ni kazi ya vijana wanne siku moja. Udongo uliotolewa uwekwe upande wa chini na kupigwa kuwa ukingo ku mdomo. Watu wengi wanautupa upande wa juu, na mvua inaurudisha wote ndani.

Vilevile kijito kilichopinduliwa. Tunapenda kupindua kijito ili tuchimbe mu kitanda chake, juu zahabu iko pale. Sawa. Lakini kijito kina kumbukumbu. Siku ya mvua kubwa kitarudi ku njia yake ya zamani, na njia yake ya zamani sasa ina mashimo.

Na motopompi. Hapa sitaficha, juu ni jambo ambalo watu wanalijua na wanalifanya kila siku. Motopompi haiwezi kuvuta maji kutoka chini zaidi ya mita 7 ao 8 hivi. Si ubovu wa mashine, ni hewa yenyewe ambayo haina nguvu ya kusukuma maji juu zaidi mu mpira. Shimo likipita kimo hicho, watu wanaishusha motopompi ndani. Moshi wake una gazi isiyo na harufu, inaua mtu aliyekaa kama aliyelala, na anayeshuka kumtoa anaanguka juu yake. Shimo likipita mita 8, ni pompi ya umeme inayozama ndani ya maji, jenereta ikibaki juu, mbali na mdomo. Ao ni mabeseni, ngazi kwa ngazi, mkono kwa mkono. Ao ni kungoja mwezi wa sita. Na shimo la zamani lililotoka kupompwa lisishukwe siku ileile: maji yakiondoka, hewa mbaya inabaki.

Maji yaliyotolewa yanakwenda wapi? Wengi wanayamwaga mita tano tu kutoka ku mdomo, ku upande wa juu, sponji inayanywa, kesho yanarudi chini na munayapompa mara ya pili kwa esansi mpya. Wengine wanayaelekeza moja kwa moja ku kijito. Na kule chini ya kijito kuko wamama na bidoni. Maji yale ya machungwa yana asidi, na asidi inatoa mu jiwe vitu ambavyo havionekani: shaba, arseniki. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi hivyo. Kama hakuna namna ya kuacha kupompa, basi maji yakae kwanza mu dimbwi, yatulie, na kisima cha kunywa kiwe upande wa juu wa shantie, hata kama safari inaongezeka.

Daftari moja ya shule

Sheria ya migodi, tangu ilipogeuzwa mwezi wa tatu 2018, inaomba wachimbaji wa mikono wawe mu kooperative, na SAEMAPE ndiyo kazi yake kuwasaidia kwa mambo ya ufundi. Karte ya mashimo ya zamani ingefaa kuwa kazi yao ya kwanza. Lakini hakuna anayezuiliwa kuanza leo.

Daftari ya mistari midogo inatosha. Chukueni mti mkubwa ao jiwe lisilosogea kuwa mwanzo. Kutoka pale, kila mdomo wa shimo, lililo hai na lililokufa: hatua ngapi, kuelekea wapi. Chini yake: la nani, lilifunguliwa mwaka gani, lilishuka kamba ngapi, galeri yake ilielekea wapi, lilifungwa kwa sababu gani. Wazee waliochimba wakati wa Sominki wangali wako, lakini hawako wengi. Wanakumbuka pale walipoacha, na pale maji yalipowafukuza. Muwaulize kiangazi hiki, wakati wana nafasi ya kutembea na nyinyi juu ya kilima na kuonyesha kwa fimbo.

Na daftari isikae kwa PDG, ambaye kila mara yuko safarini Kasongo ao Kindu. Ikae kwa mama anayeuza chakula ku mdomo wa shimo. Yeye anajua nani ameshuka, nani bado hajapanda, na yuko juu ya ardhi siku nzima.